Barua ya Wazi kwa TAZARA: Tuhesabuni kwa Vichwa, Si kwa Tiketi

Kwa Mkurugenzi Mtendaji na Menejimenti,
Mamlaka ya Reli ya Tanzania na Zambia (TAZARA).

Nakala: Wizara ya Uchukuzi, waheshimiwa wabunge wa Mufindi Kusini, Mlimba na Makambako.

YAH: NAULI ISIYOKUSANYWA KATIKA TRENI YA KIPISI NA MADHARA YAKE KWA VITUO VYA MLIMBA HADI MGOLOLO

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na somo tajwa hapo juu. Barua ya kiofisi huanza hivyo, na mara nyingi kuhusika kwenyewe huwa ni muhuri wa "imepokelewa" na safari ya kwenda kwenye jalada. Ndiyo maana hii haikupitia masijala. Inahusu fedha zenu, lakini inawahusu zaidi watu wanaopandia treni Mgololo, Uchindile, Mpanga na Mlimba, ambao wengi wao hawatawaandikia, na ambao uamuzi wowote mtakaoufanya juu ya treni ya Kipisi wataupata wakiwa wa mwisho kuambiwa.

Hoja yangu ni moja, ila ina sura nyingi, kwa hiyo mtanivumilia nikiizunguka. Nauli isiyokusanywa huchukuliwa kila mahali kuwa ni upungufu wa mapato: shilingi kadhaa hazikufika benki, basi mkaguzi apewe onyo na nidhamu ikazwe. Hasara kubwa iko kwingine. Katika vitabu vya reli, mtu huwa abiria pale tiketi inapokatwa ikitaja kituo alikopandia. Asipokatiwa, hata kama amesimama mlangoni kutoka Mlimba hadi Makambako na gunia la mchele miguuni, vitabuni hakusafiri. Kituo ambacho watu wake hawasafiri vitabuni, siku moja kitaonekana hakina kazi. Fedha iliyopotea mwaka huu inaweza kufidiwa mwakani. Kituo kilichofutwa kwa hesabu mbovu, nani atakifufua?

Simtuhumu mkaguzi fulani wala stesheni masta fulani. Ninachokilalamikia ni utaratibu unaomfanya hata mwaminifu ashindwe kukusanya, na unaomficha asiye mwaminifu kiasi kwamba hakuna wa kumtofautisha na mwenzake.

1. Nianze na nani hasa anayepanda. Reli hii ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, kilomita 975 zikiwa upande wetu, ilijengwa ili shaba ya Zambia ifike baharini bila kupitia Rhodesia ya Ian Smith wala Afrika Kusini ya makaburu. Ilikabidhiwa rasmi tarehe 14 Julai 1976, na tangu siku hiyo afya yake imepimwa kwa tani: zaidi ya tani milioni 1.2 mwaka 1977/78, tani 88,000 tu mwaka 2014/15. Kupima tani si kosa. Lakini kipande cha Mlimba hadi Makambako, kile kilichowatoa jasho wajenzi kwa mahandaki na madaraja, kiliacha nyuma yake vituo ambavyo havikuwa na habari na shaba. Watu wakahamia kando ya reli, wakalima kando ya reli, wakaanza kuuza kwa kufuata ratiba ya treni. Treni yao haikuwa ile ndefu inayokwenda Zambia. Ni hii fupi ya kati ya Kidatu na Makambako, ambayo nyinyi mnaiandika Udzungwa na sisi tunaiita Kipisi, yaani kipande cha treni. Mchele na ndizi hupanda kutoka bonde la Kilombero. Viazi, maharage na mahindi hushuka kutoka Mufindi na Njombe. Ulanzi nao husafiri, na dumu likichacha njiani mfuniko huruka na behewa zima hupata habari. Mvua za masika zikiikata barabara ya Ifakara hadi Mlimba, Kipisi ndiyo barabara.

Tunajuaje haya kwa uhakika, badala ya kuyasimulia tu? Kwa karatasi. Mwanahistoria Jamie Monson, aliyeitafiti reli hii na kutoa kitabu juu yake mwaka 2009, alizichambua stakabadhi za vifurushi zilizoandikwa kwenye stesheni zenu, na kutokana nazo akaonyesha biashara ya watu wadogo ambayo ripoti za tani hazikuwahi kuiona: nani katuma nini, kutoka kituo gani, kwenda wapi. Karani aliyeandika "gunia moja, mchele" hakujua kwamba anaandika historia ya bonde. Mwaka 2006 mtafiti huyo huyo alikuwa ameandika jinsi wanavijiji wa ukanda huu walivyoitetea reli yao zama za soko huria, huduma zilipotishiwa kupunguzwa. Sasa geuzeni picha. Gunia lililopakiwa bila stakabadhi halipo katika ushahidi huo. Kijiji ambacho watu wake wote walilipia mkononi bila karatasi kisingekuwa na chochote cha kumwonyesha mtafiti, wala cha kuwaonyesha nyinyi siku ya kujitetea.

2. Hapa ndipo naomba mnisome polepole, kwa sababu ndipo utaratibu unapojila wenyewe. Chukueni mfano, na ni mfano tu, maana takwimu halisi mnazo nyinyi. Treni ina mabehewa sita ya daraja la tatu, kila moja viti 80, jumla viti 480. Wamepanda watu 600. Mkaguzi anaanza behewa la kwanza. Njia ya katikati imejaa matenga, madumu, watoto waliolala juu ya magunia na kuku wenye hasira. Kabla hajafika behewa la nne, kituo kingine hiki hapa, wengine wameshuka, wengine wamepanda, hajui tena nani ni nani. Mwisho wa safari ana tiketi 400. Karatasi inayofika makao makuu inasema: viti 480, abiria 400, treni imejaa kwa asilimia 83. Mtu wa mipango ana uhaba wa mabehewa, na karatasi inamwambia yapo ya ziada. Anaondoa moja. Hajakosea, kadanganywa. Safari zinazofuata viti ni 400, watu ni wale wale 600, na sasa hata upenyo wa kupitisha mguu haupo. Mkaguzi anapata tiketi 320. Karatasi inasema treni imejaa kwa asilimia 80. Yaani kadiri treni inavyozidi kufurika, ndivyo vitabu vinavyozidi kuiona ina nafasi. Behewa lililojaa kuliko yote ndilo lisilokaguliwa, na lisilokaguliwa ndilo linaloonekana tupu.

Ugonjwa huu si wa kimaskini. Boston huko Marekani, ambako kampuni ya Keolis inaendesha treni za abiria wa kila siku tangu 2014, malalamiko yalikuwa hayo hayo: behewa linafurika, kondakta hapiti, nauli hazikusanywi. Walichofanya mwisho wake, mwaka 2022, ni kuweka mageti kwenye stesheni ya North Station, yaani kuihamisha kazi ya kukusanya kutoka ndani ya behewa kwenda mlangoni. Dar es Salaam, tangu tarehe 29 Oktoba 2012 ilipoanza treni ya mjini ambayo wananchi waliipa jina la waziri wa wakati ule, Treni ya Mwakyembe, funzo lilikuwa mbele ya macho yenu, kwa sababu mkondo mmoja wa treni hiyo ulipita juu ya reli yenu, kutoka stesheni ya TAZARA kwenda Mwakanga. Treni ya kugombania asubuhi na jioni haikusanyiwi nauli njiani. Hukusanywa pale mtu anapoingia au anapotoka, ama haikusanywi.

3. Sasa lile neno ambalo halimo kwenye kanuni zenu lakini kila abiria wa Tanzania analijua: kumalizana. Panapokuwa na dirisha la tiketi lisilo na mtu, abiria hana pa kulipia isipokuwa ndani ya treni, mkononi mwa mtu mmoja, bila shahidi. Hapo bei huacha kuwa ya serikali na kuwa ya mapatano. Abiria anatoa nusu, anaambiwa "kaa pale," na wote wawili wanaona wamepata. Ukihesabu shilingi, TAZARA imepoteza nauli nzima, abiria kaokoa nusu, na nusu nyingine imebadilisha mfuko. Ukihesabu vichwa, kijiji kimepoteza mtu. Na hili haliwezi kusemwa bila kuyataja ya kati ya 2012 na 2015, wakati wafanyakazi wa reli hii waligoma zaidi ya mara moja wakidai mishahara ya miezi kadhaa. Mtu ambaye mwajiri wake hajamlipa kwa miezi, ukamkabidhi fedha taslimu zisizo na kumbukumbu katika treni ya usiku, umemtega. Sisemi kwamba dhiki inahalalisha wizi. Nasema mwajiri aliyechelewesha mshahara na hakuweka karani dirishani ana sehemu yake katika hasara anayoilalamikia, na onyo la maandishi kwa mkaguzi halimwondoi katika lawama.

4. Kuna sababu nyingine ya kumwandika kila mtu, nayo haihusu fedha hata kidogo. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kikitoka Bugolora, kilipinduka kikiwa kimebakiza hatua chache kufika gati la Ukara, Ukerewe. Kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa walizidi 220. Katika zile siku za kwanza nchi nzima iliuliza swali jepesi, walikuwamo wangapi, na hapakuwa na wa kulijibu: aliyekuwa akikata tiketi alikuwa amekufa maji, na mashine yenye kumbukumbu ilikuwa imezama. Kabla ya hapo, Mei 1996, MV Bukoba ilizama na watu ambao idadi yao inabishaniwa hadi leo, kwa kuwa waliopanda walizidi walioandikwa. Reli nayo ina msiba wake, Igandu mkoani Dodoma, tarehe 24 Juni 2002, watu 281. Hiyo haikuwa reli yenu, na siombei mabaya. Ila treni inayopita makorongo ya Mpanga ikiwa na watu 600 na tiketi 400 ina watu 200 ambao, likitokea la kutokea, ndugu zao watatakiwa kuthibitisha kwanza kwamba marehemu alikuwa abiria. Tiketi ndiyo hati ya kwanza ya fidia. Na tazameni jambo moja katika kisa cha Ukara ambalo mara nyingi husahaulika: kumbukumbu ilikuwepo, ila ilisafiri pamoja na chombo. Kipande kinachobaki kitabuni lazima kibaki stesheni, nchi kavu.

5. Mizigo nitaipitia haraka. Nauli ya mtu kila abiria anaijua kwa kichwa. Pale ambapo bei ya gunia haijaandikwa ukutani kwa herufi za kusomeka, mwenye gunia hulipa kwa kadiri ya uso wa anayemtoza, na mama mwenye tenga moja la nyanya huishia kulipa sawasawa na mfanyabiashara mwenye matano. Ubao na rangi, basi.

6. Kwa nini haya yasemwe sasa? Kwa sababu vitabu vyenu vinahama mikono. Tarehe 4 Septemba 2024, mjini Beijing, Tanzania, Zambia na China zilitia saini hati ya makubaliano ya kuifufua reli hii mbele ya marais wa nchi tatu, na mwaka 2025 ukafuata mkataba wa miaka 30 na kampuni ya Kichina ya CCECC wenye thamani ya dola za Marekani bilioni 1.4. Mimi ni miongoni mwa wanaoufurahia. Reli iliyoshuka hadi tani 88,000 haikuwa na anasa ya kuchagua. Lakini mwekezaji haji na kumbukumbu za Mwalimu na Kaunda. Anakuja na daftari, na daftari lake linaanzia pale lenu lilipoishia. Atauliza kila kituo kinaingiza kiasi gani. Shaba itajibu kwa sauti kubwa. Mgololo itajibu kwa tiketi zilizokatwa, na zilizokatwa si waliopanda. Kwa mtu asiyepajua hapa, kituo chenye tiketi chache milimani, penye ukungu na misonobari, ni mahali pa treni kupita bila kupunguza mwendo.

Na Mgololo tunaijua hali ya kufungiwa. Kiwanda cha karatasi, ambacho kwa ajili yake mji huu ulipata njia ya reli ya kuingilia kiwandani, kilianza kuzalisha miaka ya 1980, kikasimama miaka ya 1990, kikaamka tena miaka ya 2000 baada ya kubinafsishwa, kikiitwa Mufindi Paper Mills. Miaka ile ya ukimya kila mtu alijifunza kwamba mahali panaweza kuwa na watu, miti, maji na umeme, na bado pakazimwa na ukurasa mmoja wa mahesabu. Tofauti ni kwamba mahesabu ya kiwanda angalau yalikuwa ya kweli.

7. Mna majibu yenu, na baadhi yana uzito. Mtasema kwanza kwamba treni ya abiria ni hasara hata nauli zote zikikusanywa, mizigo ndiyo inayolisha reli. Nakubali. Lakini hasara ina ukubwa, na ukubwa ndio unaoamua nani ailipe. Kama Kipisi ni huduma kwa jamii, serikali mbili zenye reli zinapaswa kuilipia kwa kiwango kinachojulikana, na hakuna Hazina itakayolipia abiria ambao TAZARA yenyewe haiwezi kuwahesabu. Mkienda kuomba ruzuku na tiketi 400 mtapewa ya watu 400, na wale 200 mtaendelea kuwabeba kwa gharama yenu.

Wengine watasema, na hawa ni wa upande wetu, kwamba abiria wa Kipisi ni maskini, waacheni wapande bure. Maneno matamu. Luxembourg walifanya hivyo nchi nzima kuanzia tarehe 29 Februari 2020: treni, tramu na mabasi bila nauli. Lakini ni serikali iliyotangaza, ikaweka fungu kwenye bajeti, na inaendelea kujua watu wangapi wanasafiri. Bure ya kutangazwa ni sera. Bure ya kukosa mkaguzi ni bahati nasibu ambayo mwoga hulipa na mjanja halipi, na maskini kwa kawaida ni mwoga, kwa sababu akishushwa porini hana simu ya kumpigia mkubwa. Isitoshe, anayemalizana hapandi treni bure. Analipa, ila malipo yake hayamfikishii behewa jingine. Mkiona vijiji hivi haviwezi nauli, punguzeni nauli, au tangazeni bure, na hata hiyo bure mkate tiketi ya sifuri.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote ni la gharama: karani, mashine, karatasi na ulinzi kwa ajili ya nauli za vituo vidogo vinaweza kula zaidi ya kinachokusanywa. Kama kazi ya tiketi ingekuwa ni kuleta fedha tu, hoja hii ingenifunga mdomo. Lakini tiketi inafanya kazi tatu, ya fedha, ya hesabu na ya usalama, na mbili za mwisho ni za lazima hata ya kwanza ikiwa haina faida. Udogo wa nauli nao si kisingizio: kivuko cha Magogoni kwenda Kigamboni hutoza shilingi 200, na watu hulipa getini, kwa kadi. Kama shilingi 200 inastahili geti, nauli ya Mlimba hadi Makambako inastahili dirisha.

Atakuwepo pia atakayesema teknolojia itamaliza yote, tazama SGR yetu iliyoanza safari za Dar es Salaam hadi Morogoro tarehe 14 Juni 2024, tiketi kwa mtandao, mlangoni unakaguliwa, hakuna longolongo. Naipongeza. Ila treni ile ina vituo vichache vyenye kuta na mageti, na Kipisi ina vituo ambavyo ukuta wake ni mahindi ya mtu. Na mashine nayo ina wenyewe: Novemba 2018 wapelelezi wa Kenya waliwakamata wafanyakazi wa SGR ya Mombasa, Wakenya na Wachina, kwa tuhuma za kuchezea marejesho ya tiketi, mfumo wote ukiwa wa kompyuta. Mashine husaidia pale tu ambapo kuna hesabu ya pili ya kuilinganisha nayo.

8. Naomba haya, na nayaomba kwa mpangilio wa urahisi. Hesabuni vichwa kila kituo, wakipanda na wakishuka, kwa miezi sita, pembeni ya tiketi na si badala yake. Tofauti ya namba hizo mbili itawaambia penye tundu bila kumvizia mtu yeyote. Bandikeni hesabu hizo kila mwezi kwenye ubao wa stesheni, ili Mgololo iione Mgololo. Ukaguzi mkuu uhamie kwenye milango ya kutokea ya Makambako na Kidatu, watu wakishuka, ambako hakuna wa kurukwa kwa sababu ya msongamano. Kwenye vituo visivyo na karani, tiketi iuzwe na wakala wa fedha za simu aliyepo kijijini kwa kamisheni yake ya kawaida, na ipatikane kwa simu ya kitochi kwa kubonyeza nyota, namba, reli. Alama yenyewe ya kumalizia tunaiita reli, itakuwa aibu isitufikishe kwenye reli. Bei za mizigo ziandikwe ukutani kwa Kiswahili. Watoto, wafanyakazi na askari wanaosafiri bila malipo wakatiwe tiketi ya sifuri. Na la mwisho, ambalo ndilo zito: lichukueni kama sharti kati yenu na mwekezaji kwamba hakuna kituo kati ya Kidatu na Makambako kitakachofungwa, wala safari itakayopunguzwa, kwa kutumia mauzo ya tiketi peke yake, hadi hesabu ya vichwa ya miezi sita iwe imekamilika na kusomwa kwenye mikutano ya vijiji vinavyohusika.

Na kwenu abiria wenzangu, maana barua ya wazi husomwa na wengi: nusu nauli unayoiokoa leo ni ya kwako, siwezi kukunyang'anya. Lakini ukishamalizana, siku treni itakapopita bila kusimama usiseme hukuulizwa. Uliulizwa ndani ya behewa, ukajibu kwa kukaa kimya na kupokea chenji. Dai tiketi. Akikwambia karatasi zimekwisha, dai aandike kwenye daftari, jina la kituo kwa herufi kubwa.

Nasubiri jibu lenu ndani ya siku 60, na litolewe hadharani kama swali lilivyoulizwa. Ombi la kwanza kati ya yote halihitaji mkopo, mwekezaji wala mashine. Linahitaji mtu mmoja mlangoni mwa behewa, kalamu na daftari la mistari, na linaweza kuanza safari ijayo.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Abiria wa Kipisi,
Mgololo, Mufindi.